Mkwe Wangu na Watoto Wanaotanguliza Makalio

Kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yangu ilikuwa kuwaambia watu waondoe mikono. Nimezalisha, nimeshona, nimefua mashuka siku ambazo mfanyakazi wa usafi hakutokea, lakini ukiniuliza hasa serikali ilikuwa inanilipa kwa nini, ni kwa hilo. Mtoto akitanguliza kichwa, mtu yeyote mwenye glavu na akili timamu anaweza kumpokea. Akitanguliza makalio, kila aliyemo chumbani anashikwa na hamu ya kumvuta. Sijui hamu hiyo inatoka wapi. Niliwahi kumfukuza leba dereva wa bodaboda aliyemleta mzazi, maana nilimkuta ameshaanza kukunja mikono ya shati.

Ukimvuta mtoto wa namna hiyo, mikono yake inapanda juu, kidevu kinanyanyuka, na kichwa kinakwama ndani wakati mwili wote uko nje. Ukimwacha, mara nyingi anashuka mwenyewe, amejikunja vizuri, na wewe kazi yako ni kumtazama, huku ukijua la kufanya endapo atakwama. Hilo la kufanya linafundishika kwa wiki chache. Kutazama ndiko kunakowashinda watu, hasa watu waliosoma.

Sisemi kila mtoto wa hivyo azaliwe kituoni. Tukimgundua mapema kliniki, mama tunampa rufaa akazalie hospitali kubwa mjini, karibu na chumba cha upasuaji. Shida ni wale wasiogundulika, wanaofika saa nne asubuhi juu ya pikipiki, makalio ya mtoto yakiwa mlangoni. Hao hawana muda wa rufaa. Kituo chetu, ambacho sikitaji, kiko upande wa Mkalama, na chumba cha upasuaji tunacho, kizuri, chenye taa kubwa ya duara. Mtaalamu wa usingizi ndiye hatukuwa naye. Alikuwa masomoni tangu taa ilipofungwa.

Mwaka mmoja na nusu kabla sijastaafu nilikwenda Kilimatinde kumzika shangazi yangu. Nilikaa siku nne. Niliporudi nikakuta watu wanaongea chinichini, na chai ya saa nne haina mnywaji. Siku ya tatu ya kutokuwepo kwangu alikuja mama, mimba ya kwanza, mtoto makalio. Zamuni walikuwepo daktari wetu kijana na muuguzi mmoja. Mtoto alivutwa. Kwenye rejista wameandika kwa mwandiko mzuri kabisa kwamba alizaliwa akiwa amefariki. Hakuna aliyeniambia nani alifanya nini, na mimi sikuuliza. Hilo lilikuwa kosa langu la pili. La kwanza nitalisema mbele huko.

Mwezi wa nane mganga mfawidhi, mkuu wetu wa kituo, aliniita ofisini. Ni mtu wa maneno machache.

"Mama, mwezi wa saba mwakani unastaafu. Baada ya hapo?"

"Baada ya hapo nitalima alizeti."

"Nauliza habari za wazazi."

Akasema nimfundishe daktari, maana wauguzi wanahamishwa kila siku lakini yule ameomba kubaki. Nikamwambia yule ni mkwe wangu. Akasema ni daktari. Nikamwambia ni mkwe wangu kwanza. Akafungua faili lingine, maana yake nitoke.

Mtu asiye wa huku anaweza kudhani natafuta visingizio, kwa hiyo nieleze. Kijana yule alipokuja kituoni tulikuwa marafiki. Alikuwa akipita ofisini kwangu anaiba karanga zangu mchana kweupe na kunitania kwamba mimi ni mzee wa enzi za mkoloni. Mimi namjibu kwamba yeye amesomea Dar es Salaam lakini miguu yake bado ina vumbi la Mgori. Kisha akamwona binti yangu. Wazee wake wakaja, wakasema waliyoyasema, na tangu siku ile karanga zangu zikawa salama. Kwa watu wetu mkwe wa kiume na mama wa mke wake hawasogeleani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani machoni. Akiniona naelekea kisimani anaacha njia na kupita kwenye mahindi ya watu. Shikamoo ananipa kutoka mbali, akiwa ameinama, anaisemesha ardhi. Kazini akiwa na faili langu anaweka mezani, anarudi hatua tatu, ndipo mimi nalichukua. Wenzetu vijana wa mjini siku hizi wameshalegeza. Yeye hakulegeza hata kidogo, na nilimsifu kwa hilo mbele ya majirani.

Sasa mtu wa namna hiyo niende nikamfundishe makalio!

Midoli ya mafunzo tuliyoahidiwa haikuja, hivyo nilitengeneza yangu. Mwili nilishona kwa kitenge na kuujaza maganda ya alizeti. Kichwa kilikuwa soksi iliyojaa mtama, ili kiwe kizito kama kichwa. Nyonga ya mama nilikata kwenye dumu la njano la mafuta. Siku ya kwanza nililifunga dumu kiunoni kwa kanga, upande wa nyuma, nikapiga magoti na kuweka viganja chini kwenye mkeka, kwa sababu mtoto wa makalio anashuka vizuri zaidi mama akiwa hivyo. Bibi zetu walizaa hivyo hivyo, kabla sisi hatujawaletea vitanda. Katika mafunzo yote niliyosomea mama nilikuwa mimi. Nilikuwa mzuri sana kwenye kupiga kelele za uchungu.

Nikasikia mlango. Nikageuza shingo nikaona viatu vyake. Na yeye akamwona mama mkwe wake amepiga magoti, dumu nyuma, makalio ya mdoli yamechungulia. Alirudi kinyumenyume akagonga ndoo ya maji ya dawa, ikamwagika, akaiinua, akaiweka sawa, akaondoka. Mimi nilikuwa nimejiambia tangu asubuhi kwamba ni mtaalamu na mambo ya ukwe nimeyaacha getini. Uongo mtupu. Aibu ilinipanda hadi masikioni, na lile dumu lilikuwa limefungwa fundo ambalo sikuweza kulifungua peke yangu.

Aliyenifungua ni muuguzi. Huyu ni Mgogo kutoka Manyoni, hajafika miaka thelathini, ana sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto, na hajui kukaa kimya. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye maji ya dawa.

Jioni nilimpigia simu shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, anayeuza mahindi pale Iguguno barabarani. Ndiye anayeamua mambo ya ukoo. Nilimweleza habari yote, na kwa kuwa masikio yake si mazuri, nilimweleza kwa sauti. Akauliza, "Daktari mwingine hamna?" Nikasema hamna. Akauliza, "Na wewe huwezi kuahirisha kustaafu?" Nikasema serikali haiahirishi. Nikasikia lori linapita kwake, refu, na tela lake.

"Basi awepo mtu wa kati," akasema. "Na pazia. Na shemeji, usipige magoti."

Hivyo ndivyo tulivyofundishana kuanzia mwezi wa tisa. Jumanne na Ijumaa, baada ya kliniki, nilikaa kwenye kiti upande mmoja wa pazia la kijani la leba. Upande wa pili lilikaa dumu, limefungwa kwenye kona ya kitanda, pamoja na mdoli, daktari na mtu wa kati. Mtu wa kati alikuwa muuguzi. Tulikuwa tumetengana kama hatua mbili, na kila mmoja alikuwa anamsikia mwenzake vizuri kabisa.

"Mwambie daktari, makalio yametoka, mikono aiweke mgongoni."

"Dokta, mama anasema mikono mgongoni."

"Mwambie mama iko mgongoni."

"Anasema iko mgongoni."

"Nitajuaje, na mimi niko huku?"

"Dokta, mama hakuamini."

Jamani, nilichoka. Somo la nusu saa lilikwenda saa nzima na robo. Lakini kwa kuwa sikuwa naona kitu, ilibidi niwalazimishe kusema. Kila hatua niliuliza, "Unaona nini?" na hawakuruhusiwa kujibu "kawaida" wala "anaendelea vizuri." Nilitaka kuambiwa tumbo la mtoto limeelekea wapi, kitovu kimetoka au bado, kifua kimejaa au kina mkunjo katikati, ile dalili kwamba mikono imeshuka, na kama bado, ni mkono upi. Zamani, mtu akijaribu mbele ya macho yangu, nilikuwa namtoa tu mikono, paa, nafanya mwenyewe. Sasa nilikuwa nimefungwa na ukwe. Daktari alijibu vizuri sana. Alisema yote kwa mpangilio, kwa sauti ya kitabu, akimtuma muuguzi kila sentensi. Mpaka Krismasi nilikuwa natembea kifua mbele. Nilimwambia mfawidhi kwamba kijana ameiva.

Mwezi wa pili upepo ulivuma. Ni upepo tu, ule wa huku unaobeba mabati. Dirisha la leba lilifunguka, pazia likapanda mpaka juu ya waya, na kwa mara ya kwanza nikauona upande wa pili. Muuguzi alikuwa anamsukuma mdoli kwa mkono wa kushoto na kumpokea kwa mkono wa kulia, jasho linamtoka. Daktari alikuwa amesimama mita moja kutoka kwenye dumu, mikono yake nyuma ya mgongo, anasema anachokiona. Mikono ilikuwa imeshikana hasa. Pazia likashuka.

"Muuguzi," nikasema, "tangu mwezi wa tisa, daktari amemshika mdoli mara ngapi?"

Yule mwanamke asiyejua kukaa kimya alikaa kimya.

"Hajamshika, mama."

Nilikwenda nyumbani nimefura. Miezi mitano! Nilihesabu siku zilizobaki mpaka mwezi wa saba nikaona nitaondoka na kuwaachia wazazi wa kata nzima mwanamume hodari wa kusimulia. Nikampigia binti yangu aje. Alipofika sikumkaribisha hata maji, nikampa vidonge vyake. Nikamwambia mume wake ananidharau, au ananiheshimu kupita kiasi, na kwa mzazi mwenye mtoto makalio yote mawili ni sawa. Ukwe ni mzuri lakini haumpokei mtoto.

Binti yangu aliningoja nimalize. Amefanana na baba yake, hana haraka.

"Mama, wewe unadhani anakuogopa wewe?"

"Sasa anamwogopa nani?"

"Anaogopa mikono yake. Tangu yule mtoto. Ananiambia niishike mikono yake mimi kwanza, eti nione kama bado ni mizuri."

Nilikaa chini. Nilikuwa nimekwenda mazishini, nikarudi, nikaisoma ile rejista, nikamwacha kijana wa watu abebe jambo lile mwaka mzima, na mimi naona fahari kwamba anaacha njia akiniona. Alikuwa anaacha njia tangu kabla wazee wake hawajaja kwetu. Nilipokumbuka vizuri, karanga zangu alikuwa ameacha kuziiba wiki ile ile niliyorudi Kilimatinde.

Ijumaa iliyofuata nilifika mapema nikamkuta muuguzi peke yake, anashona tumbo la mdoli lililokuwa linamwaga maganda. Nikamwambia najua kwamba daktari ndiye aliyevuta. Nilitaka tu ajue kwamba najua, ili tupange namna ya kumsaidia. Hakuinua uso.

"Mimi ndiye niliyesema vuta," akasema. "Yeye alikuwa ameacha. Mimi nikapiga kelele, dokta vuta, mtoto anakufa, vuta. Mama unaijua sauti yangu."

Naijua. Nilimtazama anavyoshona, mishono midogo midogo, na nikaelewa kwa nini hakukosa Jumanne hata moja, hata ile aliyokuwa na malaria. Roho iliniuma mpaka nikaona bora niseme.

Kosa langu la kwanza ndilo hili. Nilikuwa na uwezo wa kufundisha miaka kumi na tano kabla. Niliombwa, si mara moja. Nikasema nina kazi nyingi. Ukweli ni kwamba nilipenda kuitwa. Nilipenda kugongewa mlango, watu wakimbie, gari la kituo liwashwe kwa ajili yangu, nifike leba kila mtu ameshika kichwa, na mimi niseme kwa sauti ya chini, "Ondoeni mikono." Nilipenda wanavyonipisha. Mtu akijaribu kutazama karibu nilikuwa namziba kwa bega. Ile siku ya Kilimatinde waliachwa na kile nilichowaachia, yaani hamna kitu. Nilikuwa sijamwambia mtu jambo hilo, hata padri.

Nilimwambia muuguzi. Daktari akaingia, akainama, akatoa shikamoo kwa sakafu, akapita upande wake wa pazia. Nikakaa kwenye kiti changu.

"Mwambie daktari," nikasema, "kabla hatujaanza. Mwambie yule mtoto kosa la kwanza ni langu. Mwambie nilikuwa najua na sikuwafundisha, kwa sababu nilitaka niwe peke yangu."

Muuguzi hakurudia neno kwa neno kama kawaida yake. Alilia tu kwa ile sauti yake, na sidhani kama kuna mtu kituoni hakusikia.

Nikangoja. "Anasema nini?"

"Hasemi kitu, mama."

"Anafanya nini?"

"Amemshika mdoli."

Kuanzia siku hiyo mtama na maganda ya alizeti vilimwagika upande ule mpaka kuku wa mlinzi wakajua ratiba yetu. Alikuwa mbaya. Kusema anajua, mikono yake haijui. Alimbana mdoli tumboni badala ya kushika mifupa ya nyonga, akamgeuza upande usiotakiwa, mara mbili aling'oa kichwa kabisa, na muuguzi akatangaza, "Mama, dokta amechinja." Nilimfokea kupitia kwa muuguzi, naye akaniomba radhi kupitia kwa muuguzi. Mwezi wa tatu akaanza kuwa wa kawaida. Mwezi wa nne akawa mzuri. Lakini mdoli ni mdoli.

Mama yule alikuja mwezi wa nne mwishoni, Jumatano, mvua ya mwisho mwisho imejaza korongo na barabara ya mjini imekatika. Alikuwa mkulima wa alizeti, mimba ya tatu, kliniki alihudhuria mara moja. Aliletwa kwa bajaji na dada yake. Tulipomlaza kumpima, makalio yalikuwa yanaonekana, na mapigo ya moyo wa mtoto ni mazuri. Mfawidhi akapiga simu kuomba gari la wagonjwa, akaambiwa korongo halipitiki. Hapo hapakuwa na mjadala tena.

Nilivaa glavu. Mikono yangu ilijivalisha yenyewe. Muuguzi akamsaidia mama kugeuka, magoti na viganja juu ya godoro chini. Daktari akaingia, akaniona nimesimama pale mbele ya mwanamke aliye uchi, mimi mama wa mke wake, akageuzia uso ukutani. Angeweza kutoka. Mimi ningemzalisha yule mama, kila mtu angenipisha, na mwezi wa saba ningeondoka nikiwa bado wa pekee. Sitadanganya, nilitamani. Nilitamani sana.

Nikavua glavu. Nikasogeza kiti nyuma ya pazia, nikakaa. Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwa yule mama, na nilijiambia nikisikia neno moja baya naingia, ukwe baadaye. Lakini nilikaa. Sijawahi kufanya jambo gumu kama lile la kukaa kwenye kiti.

"Dokta, mikono mgongoni," nikasikia muuguzi anasema. Sikuwa nimesema kitu. "Unaona nini?"

"Makalio yametoka yote. Mgongo uko upande wa mama, tumbo linanitazama mimi."

"Vizuri. Mama, sukuma ukisikia. Pole mama, pole. Usimguse, dokta."

"Sijamgusa."

"Miguu?"

"Mmoja umetoka. Wa pili huo. Kitovu kimetoka. Kinadunda."

Yule mama alinguruma. Nje mvua ilikuwa inapiga bati na nilikuwa naikasirikia kwa kelele zake. Nilishika ukingo wa kiti kwa mikono yote miwili, nikagundua nimeuma ulimi.

"Kifua?" muuguzi akauliza.

Hakujibu.

"Dokta, kifua?"

Nikasimama. Nilikuwa nimeshika pazia tayari. Najua kimya cha namna ile. Ndicho kimya ambacho baada yake mtu anavuta.

"Mama," daktari akasema.

Muuguzi akaanza, "Mama, dokta anasema..."

"Mama," akasema tena, akimkatiza, na aliyeitwa ni mimi. "Mkono wa kulia haujashuka. Kifua hakina mkunjo katikati. Mtoto amesimama, hashuki na uchungu umepita."

Tangu wazee wake waje kwetu alikuwa hajawahi kunisemesha moja kwa moja. Maneno yalikuwa yamekamilika, hakuna lililopungua.

"Unajua la kufanya?" nikamuuliza.

"Najua."

"Basi fanya. Mimi nipo hapa."

Nikahesabu kimoyomoyo. Nikamsikia anasema, anajisemea mwenyewe sasa, vidole gumba kwenye mifupa, namzungusha, bila kuvuta, namzungusha, bega hilo, kiwiko, mkono huo. Muuguzi akasema "Yesu." Nikamsikia anarudi upande wa pili. Mkono wa pili. Kisha akasema kidevu hakijashuka, nasukuma mabega kuelekea nyuma, mama sukuma, sukuma sasa, na yule mama akatoa sauti moja ndefu, na kitu kikaanguka kwenye taulo kwa ule mlio wa maji ninaoujua.

Hakikulia. Watoto wa makalio wengi hawalii papo hapo, nimewaambia watu hilo maisha yangu yote kwa uso mkavu. Nikalipita lile pazia. Daktari alikuwa ameshamweka mtoto, muuguzi anamkausha kwa nguvu, daktari ameshika kifaa cha kumpulizia hewa, kichwa cha mtoto kimekaa sawa. Akapuliza. Kifua kikapanda. Akapuliza. Nilikuwa nimesimama juu yao, mikono yangu mitupu, na hakuna aliyenipisha. Hawakuwa hata wanajua nipo. Akapuliza tena, na mtoto akakunja uso kama mtu aliyeonjeshwa shubiri, akalia. Msichana. Alilia kwa hasira hasa.

Muuguzi akambeba, akamlaza kifuani kwa mama yake. Sisi tukabaki pale. Daktari alitazama mikono yake, akaigeuza mbele na nyuma, ina damu mpaka kwenye viwiko. Kisha akanitazama machoni. Siyo sakafuni, machoni.

"Mama, yule wa mwaka jana nilimvuta."

"Najua, mwanangu."

"Nilimvuta sana."

Muuguzi akaanza. Anapolia analia kwa sauti ile ile ya ng'ombe ng'ambo ya mto. Daktari akafuata, amesimama wima, machozi yanadondokea kwenye aproni ya plastiki, hayafuti. Na mimi niliyefukuza watu leba miaka thelathini kwa kosa la kulia mbele ya mzazi, nikakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, nikalia nao.

Yule mama alitutazama mmoja mmoja. Akamkumbatia mtoto kwa nguvu, akamfunua, akakagua vidole vya mikono, vya miguu, akamgeuza mgongo. Hofu ikamwingia.

"Mbona mnalia nyie?" akauliza. "Mtoto wangu ana nini?"

"Hana kitu," nikamwambia. "Mzima. Ndiyo maana."